UZI: Banksy na kuta za watu. Ukichorewa ukutani usiku, mali ni ya nani?

Fundi Stensili (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Kazi yangu ni maandishi. Milango ya malori, matangi ya mafuta, magunia ya kahawa, kuta za maduka. Mwaka wa 19 huu nashika wembe na kopo la rangi, zaidi Moshi na Arusha. Juzi dogo ninayefanya naye kazi kaniuliza: "Bosi, huyu Banksy unamjua? Anafanya kama sisi ila yeye analipwa mabilioni." Nikamwambia namjua, ni mchoraji wa kuta wa Kiingereza anayejificha, na hayo mabilioni yana safari ndefu. Nimeamua niishushe hapa kidogo kidogo, kadiri bando na wateja watakavyoniachia nafasi.

Onyo mapema: aliyekuja kutafuta jina lake la kuzaliwa na picha ya sura yake, uzi huu sio. Magazeti ya Uingereza yamehangaika na hilo zaidi ya miaka 20. Mtu kaamua kujificha, mimi ni nani nimfunue? Kinachonikuna ni upande wa pili wa kopo la rangi, yaani mwenye ukuta. Unalala na ukuta wako mweupe, unaamka una mchoro wa pauni laki kadhaa na umati wa watu mlangoni. Halafu?

Tuanzie Bristol, mji wa bandari magharibi ya Uingereza. Miaka ya 80 mtaa wa Barton Hill ulikuwa na klabu ya vijana ambako kuchora kuta hakukuwa kosa, na 1989 polisi wakafanya msako mkubwa wa wachoraji wa mji mzima. Banksy aliibukia humo miaka ya 90, akiwa na kundi lililojiita DryBreadZ. Alichora kwa mkono huru kama wenzake, na kwa kauli yake mwenyewe alikuwa mzito. Wenzake wanamaliza, yeye bado anahangaika na herufi ya pili.

Amesimulia kwamba akiwa na miaka 18 walikuwa wanachora behewa la treni, polisi wakatokea. Wenzake wakatimka. Yeye akazama chini ya lori, akalala humo huku oili inamdondokea. Akiwa chali akaona maandishi yaliyopigwa kwa stensili kwenye tangi la mafuta, juu kidogo ya pua yake. Akajiambia: kumbe naweza kukata kila kitu nyumbani, huku nikaja kupuliza tu.

Wakuu, mimi hiyo sehemu huwa inanichekesha kila nikiikumbuka, maana maandishi ya kwenye tangi la lori ndiyo ugali wangu. Nani anajua ni mzungu gani kalala chini ya kazi zangu.

Naendelea jioni.

---

Kibatari

Nimekaa paleee. Lete vitu mkuu.

---

Mpemba wa Mjini

Kwanza tueleze hiyo stensili inavyofanya kazi, maana wengine tunajua ile ya kudurufia mitihani tu.

---

Fundi Stensili

Mpemba, swali zuri, na ndilo limebeba kazi yote ya huyu bwana.

Mimi natumia picha za eksirei kuukuu. Unazichovya kwenye jiki, ile nyeusi inatoka, unabaki na plastiki safi inayoona ng'ambo. Unaweka juu ya mchoro, unafuatisha kwa wembe. Kazi ngumu ni kukumbuka madaraja. Chukua herufi O: ukiikata duara lote, kile kiduara cha katikati kinadondoka chini na unabaki na tundu. Kwa hiyo unaacha vijiti viwili vya kukishikilia. Sasa fikiria uso wa mtu, wenye mboni ndani ya jicho na jicho ndani ya kivuli. Inabidi ujue kabla hujakata ni kipande gani kinashikiliwa na nini. Hapo ndipo fundi na mbahatishaji wanapoachana.

Ukifika ukutani unabandika, unapuliza ukiwa mbali kidogo. Ukisogea sana rangi inatoa machozi. Dakika chache umeondoka. Usiku mzima aliotumia kukata, polisi hawakumwona, alikuwa kwake anakunywa chai.

Ndiyo maana michoro yake mingi ni nyeusi na nyeupe, na rangi moja tu ya kugutusha. Puto jekundu, kwa mfano. Yule msichana na puto alitokea London 2002 kwenye ngazi karibu na Waterloo Bridge. Mchoro wenyewe pale ulishafutwa zamani sana. Kinachozunguka duniani ni nakala.

---

Jiwe la Pembeni

Mkuu usituzungushe. Kuchora ukuta wa mtu bila ruhusa ni uharibifu. Huku kwetu ungekula kichapo na ukuta ungeupaka upya kwa hela yako. Akifanya mzungu inaitwa sanaa.

---

Fundi Stensili

Jiwe, sikupingi. Na Uingereza yenyewe haijawahi kukubaliana. 2008 alichora London, Newman Street, mtoto kwenye ngazi anaandika maneno ya kubeza nchi iliyojaa kamera. Mchoro ulipanda ghorofa kadhaa, kwenye uwanja wa posta wenye uzio, pembeni kabisa ya kamera ya ulinzi. Alisimamisha jukwaa la mafundi, akalifunika turubai, asubuhi akalishusha. Waliopita walidhani ni ukarabati. Halmashauri ya Westminster haikucheka: ikaamuru ufutwe, na 2009 ukafutwa. Hoja yao ilikuwa kama yako, kwamba wakimwachia huyu hawana cha kumwambia mtoto yeyote mwenye kopo la rangi.

Kabla ya hapo, 2007, mamlaka ya usafiri ya London ilipaka rangi juu ya mchoro wake maarufu karibu na stesheni ya Old Street. Nao hawakuomba radhi.

---

Binti Pangani

Habari zenu. Mimi naishi Bristol, niko hapa tangu 2004, nafanya kazi za usiku za kuhudumia wazee. Ngoja niwape ya hapa.

Kuna mchoro wa 2006 naupita nikirudi alfajiri, uko kwenye ubavu wa jengo, unauona vizuri ukiwa Park Street pale barabara inapovuka juu ya nyingine. Ni dirisha la kuchorwa. Mume kavaa suti, kachungulia nje kweli kweli, kaweka kiganja juu ya macho, anatazama mbali. Mke yuko nyuma yake na nguo za ndani. Chini ya dirisha, mgoni kaning'inia uchi wa mnyama, mkono mmoja kashika kizingiti, wa pili kajistiri. Jengo lenyewe wakati ule lilikuwa kliniki ya masuala ya uzazi na magonjwa ya zinaa! Na ofisi kuu za halmashauri ziko hapo karibu.

Halmashauri ikawauliza wananchi kwenye intaneti: tufute au tuache? Asilimia 97 wakasema acheni. Ukaachwa. 2009 kuna mtu aliurushia rangi ya buluu, na madoa yake yako mpaka leo.

Mwaka huohuo wa 2009 jumba la makumbusho la hapa lilimpa Banksy nyumba nzima kuanzia Juni mpaka mwisho wa Agosti. Mpaka siku chache kabla ya kufungua, wengi wa wafanyakazi hawakujua kinachoandaliwa. Watu zaidi ya 300,000 waliingia. Mimi nilipanga foleni mara mbili, mara ya kwanza nikaishia njiani maana zamu ilikuwa inaanza. Mlangoni kuliwekwa gari la aiskrimu lililoungua. Wazee ninaowahudumia, ambao miaka ya 90 walikuwa wanapiga simu polisi wakiona kijana ana kopo, walikuwa wananiuliza kama nimeshakwenda.

---

Fundi Stensili

Dada, asante sana. Hiyo ya mgoni sikuwahi kuipata kwa undani hivyo.

Umenikumbusha kitu ambacho wengi hawakisemi. Wachoraji wenzake wa kuta, wale wa damu, wengi hawamkubali. Kwao stensili ni njia ya mkato, na wana sheria zao. Kubwa kuliko zote: huchori juu ya kazi ya mkubwa wako.

London kulikuwa na mkongwe anaitwa King Robbo. Mwaka 1985 alipiga jina lake chini ya daraja kwenye mfereji wa Regent's Canal, Camden, mahali ambapo unafika kwa maji tu. Lilidumu karibu miaka 25, chakavu lakini lipo. Mwisho wa 2009 Banksy akaenda akachora juu yake: fundi anabandika karatasi ya ukutani, na hiyo karatasi ndiyo mabaki ya jina la Robbo. Robbo alikuwa ameshastaafu, anashona viatu. Siku ya Krismasi kavaa nguo za kuzuia maji, kavuka mfereji, kabadilisha mchoro: yule fundi sasa akawa anaandika KING ROBBO. Siku chache baadaye zikaongezwa herufi tatu mbele, F, U, C. Someni wenyewe.

Chanzo cha ugomvi? Robbo alidai waliwahi kutambulishwa, Banksy akasema hajawahi kumsikia, akala kofi. Banksy akakana kwamba tukio hilo lilitokea.

Mwaka 2011 Robbo alikutwa mtaani kaumia kichwa vibaya, akawa hajitambui, na hakuamka. Alifariki Julai 2014. Banksy alikuwa amesharudi pale mferejini, akachora ile kazi ya 1985 upya kwa rangi nyeusi na nyeupe, na akaongeza kopo la rangi lenye mwali, kama mshumaa.

Hapo mimi siwezi kumtetea. Kazi ya mtu mzima ya miaka 25, unaifunika kwa mzaha? Sisi huku hata kibao cha kinyozi aliyefariki tunamuuliza kwanza mwanae.

---

Kibatari

Duh. Hiyo ya kopo lenye mwali imenigusa.

Rudi kwenye pesa mkuu. Kama anachora kuta za watu na kukimbia, anakula nini?

---

Fundi Stensili

Kibatari, hapa ndipo watu wanapochanganya madawa.

Ukutani halipwi. Hela inatoka kwenye karatasi na turubai za kuchorea za studio, nakala zilizochapwa kwa idadi maalumu. Na kwa sababu stensili ni rahisi kuigiza, 2008 akaanzisha ofisi ya kuthibitisha kazi zake. Kaiita Pest Control, yaani wapuliza dawa za panya na mende, wakati mnyama wake mkuu ni panya! Cheti chao kina kituko: kinabanwa nusu ya noti bandia ya pauni 10 aliyochapa 2004, badala ya Malkia ina sura ya Princess Diana, imechanwa kwa mkono na ina namba. Nusu nyingine wanabaki nayo. Ukileta cheti, vipande vinalinganishwa pale palichochanika. Mpasuko wa mkono hauigiziki. Kazi ya fundi hiyo, naikubali.

Sasa sikilizeni hili: hiyo ofisi haitoi cheti kwa kazi ya ukutani. Kimakusudi. Ukikata ukuta ukaupeleka mnadani, unauza tofali lisilo na karatasi.

Thamani ya karatasi utaiona hapa. Oktoba 2013 alikaa New York mwezi mzima, kila siku kitu kipya mtaani. Siku moja akamweka mzee na kimeza pembeni ya Central Park, anauza turubai zake halisi kwa dola 60 kimoja, bila tangazo. Masaa yakapita. Mzee anakula, anapiga miayo. Mteja wa kwanza alifika mchana umeshakwenda, mama mmoja, na akaomba apunguziwe! Akapewa viwili kwa bei ya nusu. Mpaka wanafunga wameuza dola 420. Baadaye baadhi ya hizo turubai zilikwenda mnadani kwa makumi ya maelfu ya pauni kila moja.

Yule mama natamani nimpeleke soko la Memorial siku ya mitumba.

---

Mpemba wa Mjini

🤣🤣 kapunguziwa Banksy!

Na ile ya mnadani picha ikajichana yenyewe ni kweli au chai?

---

Fundi Stensili

Kweli kabisa. Nyumba ya mnada ya Sotheby's, London, 5 Oktoba 2018. Msichana na puto, turubai ya 2006, fremu nene ya dhahabu ya kizamani. Ilikuwa bidhaa ya mwisho usiku ule. Nyundo ikagonga kwa pauni 860,000, na ushuru wa mnada ikawa 1,042,000. Papo hapo king'ora kikalia ndani ya fremu, picha ikaanza kuteremka chini, inatoka vipande vyembamba kama tambi. Mashine ya kuchana karatasi ilikuwa imefichwa humo ndani. Ikakwama katikati, nusu imechanika, nusu na puto lake vimebaki.

Mnunuzi hakukimbia. Kazi ikapewa jina jipya na cheti kipya, na Oktoba 2021 ikauzwa tena palepale kwa pauni milioni 18.5 na ushee. Nusu yake ni matambara! Mimi nikiharibu mlango wa lori nafuta kwa tina na mshahara wangu nao unafutika.

---

Jiwe la Pembeni

Na hapo ndipo unafiki wake unapoonekana. Anajifanya anawacheka matajiri, kumbe kila akiwacheka bei inapanda. Anawadharau wenye hakimiliki, ila nilisoma alienda mahakamani kudai alama ya biashara.

---

Fundi Stensili

Jiwe leo umekuja na silaha. Karibu na ukweli: haikuwa mahakama, ilikuwa ofisi ya Umoja wa Ulaya inayosajili alama za biashara. Kampuni moja ya kadi ilikuwa inauza kadi zenye yule kijana anayerusha shada la maua. Upande wake ulikuwa umesajili mchoro huo kama alama. Oktoba 2019 akafungua duka Croydon, kusini ya London, duka lisilofunguliwa mlango, unatazama vioo tu na kuagiza kwenye intaneti, na akasema waziwazi kalifungua kwa ajili ya ugomvi huo wa alama. Septemba 2020 ofisi ikaifuta alama yake: alisajili bila nia ya kuitumia kibiashara, na tena mtu asiye na jina atathibitishaje kwamba mchoro ni wake? Wakamkumbusha na kauli yake ya zamani kwamba hakimiliki ni ya walioshindwa.

Hapo alinaswa na mtego wake mwenyewe. Sina utetezi.

Ila pesa nayo ina njia zake. Mei 2020, corona imepamba moto, alituma hospitali ya Southampton mchoro wa mtoto anayecheza na mdoli wa nesi, wadoli wa mashujaa wa sinema wako kwenye kapu la taka. Machi 2021 uliuzwa kwenye mnada wa Christie's kwa pauni milioni 16.7 na zaidi, mapato yakaenda kwenye huduma ya afya ya umma. Mwaka 2020 huohuo alifadhili meli ya kuokoa wahamiaji Bahari ya Mediterania, Louise Michel.

Sasa nirudi kwa mwenye ukuta, maana ndiye aliyenileta.

Mwaka 2014, Folkestone, mji wa pwani kusini ya Uingereza. Kachora mama wa makamo kavaa spika za masikioni, anatazama kiweko kitupu, kama yuko makumbusho. Ukuta ni wa jengo la kupangisha. Mpangaji, aliyekuwa anaendesha ukumbi wa mashine za michezo, akaukata ukuta, akapeleka Marekani uuzwe. Mwenye nyumba akasema haiwezekani. Kesi ikafunguliwa Mahakama Kuu na taasisi ya sanaa ya mji, iliyokabidhiwa haki na mwenye nyumba.

Mpangaji akajitetea: mkataba unaniamuru nitunze jengo, mtu kanichorea, nimeondoa uchafu. Septemba 2015 hakimu akamjibu kwa hesabu nyepesi: uchafu unasafishwa au unapakwa rangi juu yake, hukati ukuta. Na hata kama ungekuwa na haki ya kukitoa kipande, kikishatoka kinabaki mali ya mwenye nyumba. Mchoro ukaamriwa urudi.

Wapangaji mnaosoma hapa na kodi ya miezi sita mkononi, mmesikia.

---

Wakili Kandambili

Nimejitokeza kwa hiyo kesi tu. Hoja yake ni tamu. Hakuna aliyesema mchoraji ana chake pale. Mchoraji ameacha rangi, rangi imeganda kwenye tofali, na tofali lina hati. Kilichogombewa ni kipande kilichotenganishwa na jengo. Kodi unalipia matumizi ya ukuta, ukuta wenyewe hukuununua.

---

Fundi Stensili

Wakili kaipigilia msumari.

Lakini si wote walipata hati na mahakama. Wapo wanne siwasahau.

Bristol, Aprili 2014. Klabu ya wavulana ya Broad Plain, haina hela, inakaribia kufungwa. Karibu na mlango wao kwenye ubao unatokea mchoro: wapenzi wamekumbatiana, kila mmoja anachungulia simu yake juu ya bega la mwenzie. Mkuu wa klabu akaubandua kwa mtaimbo. Halmashauri ikasema ubao ni wetu. Banksy akaandika barua: chukueni nyie. Ukauzwa pauni 403,000, klabu ikapona.

Gaza, mwanzoni mwa 2015. Nyumba imebomolewa na vita ya mwaka uliotangulia, kumebaki mlango wa chuma umesimama peke yake. Kachora juu yake mwanamke kajiinamia, mkono kichwani. Baba mwenye nyumba akafuatwa na mtu, akauza mlango kwa shekeli 700, kama dola 175. Hakujua ni wa nani. Alipoambiwa thamani yake alikuwa ameshapokea hela na ana watoto wa kulisha kwenye kifusi. Baadaye polisi waliuchukua mlango kwa sababu ya mzozo huo.

Port Talbot, Wales, Desemba 2018. Mji wa kiwanda cha chuma, vumbi linatua mpaka kwenye nguo zilizoanikwa. Kachora kwenye kona ya gereji ya mfanyakazi wa kiwanda hichohicho. Upande mmoja mtoto na kigari cha barafu, katoa ulimi anaonja theluji. Ukizunguka kona unaona theluji ni majivu ya pipa la taka linaloungua. Ubunifu ule, kutumia kona, sijauona kwingine. Lakini mwenye gereji? Watu maelfu, usiku na mchana, uzio, walinzi ambao mwigizaji Michael Sheen alisaidia kuwalipia. Yule bwana alikuwa halali usingizi. Mwezi uliofuata akauza kwa mwenye jumba la sanaa, kona nzima ikang'olewa, tani kadhaa. Ikakaa mjini kwa muda, 2022 ikaondoka.

Wa mwisho ni yule wa Lowestoft, pwani ya mashariki ya Uingereza, 2021. Kachorewa ndege wa baharini mkubwa kama ukuta mzima, anavizia chipsi kwenye pipa la taka. Ukuta ukaishia kutolewa kwa winchi, na wenye nyumba ndio walioanza kugharamia. Zawadi ya namna hii unaiomba isikujie.

---

Nairobi Kopo

Huku Nairobi tulikuwa na yetu, Februari 2012, karibu na City Market. Ukutani paliamka mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi, na wananchi chini yake. Ni mwanaharakati Boniface Mwangi na vijana wake. Tofauti yetu na huyo Mwingereza, hawa wa kwetu tuliwajua sura, na walijua watajulikana. Hapo ujasiri ni mwingine.

---

Fundi Stensili

Nairobi, hilo nalipokea mikono miwili. Kujificha ni anasa pia.

---

Binti Pangani

Mkuu umesahau njiwa wa Clacton! Oktoba 2014, mji wa pwani, uchaguzi mdogo unakuja na wanasiasa wote wanaongelea wageni. Kachora njiwa watano wa kijivu kwenye waya, wameshika mabango: wahamiaji hawatakiwi, acheni minyoo yetu, rudini Afrika. Wanamwambia ndege mmoja mdogo wa kijani aliyekaa pembeni peke yake. Mtu akapiga simu halmashauri, kwamba kuna maandishi ya kibaguzi ukutani. Wakafuta. Kesho yake wakaambiwa lilikuwa la nani, wakasema wangefurahi akirudi kuchora kingine kinachofaa.

Siku hizo niko kwenye basi na sare ya kazi, nimeona ile picha kwenye simu, nimecheka peke yangu mpaka abiria wamegeuka. Yule wa kijani ni mimi.

---

Kibatari

Dada yetu wa kijani 😂 ubarikiwe.

Mkuu, malizia. Bado anachora?

---

Fundi Stensili

Bado. Agosti 2024 London aliweka wanyama siku tisa mfululizo, mbuzi, tembo, nyani, mpaka sokwe kwenye lango la bustani ya wanyama. Mbwa mwitu alichorwa kwenye dishi la setilaiti, Peckham. Halikumaliza siku. Watu wamejifunika nyuso wakapanda ngazi, wakashusha dishi, wakatokomea nalo mchana kweupe. Panapo kipande kinachobebeka ndugu zangu, mwenye mali hana usingizi.

Na Septemba 2025 alichagua ukuta ambao hauna ubishi ni wa nani: Royal Courts of Justice, London, mahakama yenyewe. Siku mbili kabla, polisi walikuwa wamekamata watu karibu 900 kwenye maandamano ya kupinga kundi la Palestine Action kupigwa marufuku. Mchoro: jaji na wigi lake na joho, kainua nyundo anampiga mwandamanaji aliyelala chini, bango lina damu. Walinzi wakaufunika kwa plastiki nyeusi saa hiyohiyo. Jengo linalindwa na sheria ya majengo ya kale, lazima lirudi lilivyokuwa. Siku mbili baadaye mafundi wakaja kusugua.

Angalieni picha za baada ya kusugua. Jiwe lile halina plasta wala rangi ya chini, kwa hiyo lilikunywa. Wamesugua rangi ikatoka, lakini kivuli kimebaki, unaona kabisa joho, unaona mkono uliopanda. Wakizidi kusugua wanang'arisha hapo peke yake na umbo linajichora upya kwa weupe. Mimi hilo limenipata kwenye nguzo ya msikiti mmoja, maandishi ya mgombea udiwani, na nguzo ile mpaka kesho inampigia kampeni.

Kuna lori limeegesha, mwenyewe anataka jina na sanduku la posta milango yote miwili kabla ya saa kumi. Nitarudi usiku kujibu waliobaki.